Mafua Yetu na Figo ya Ndugu Yetu

(Maneno yaliyotolewa na Idara ya Afya na Huduma za Jamii katika mkutano wa robo mwaka wa kamati za parokia. Yanachapwa hapa kwa maombi ya wajumbe.)



Katika ratiba mada yetu imeandikwa kwa maneno marefu: "Maambukizi ya virusi vya njia ya hewa kwa watu waliopandikizwa viungo." Kwa lugha ya nyumbani, tutazungumza juu ya mafua.

Tumewaona wengine wenu mkitazamana. Mtu ameamka alfajiri, amepanda basi, amefika mkutanoni, halafu anaambiwa habari za mafua! Tunaomba uvumilivu wenu. Jambo hili tumejifunza kwa kosa letu wenyewe, na aliyeugua kwa kosa hilo si sisi.

Mnakumbuka mchango wa figo. Kijana wetu mmoja, ambaye hatutamtaja jina ingawa wengi mnamfahamu, alikuwa akichujwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Dada yake mkubwa, mama wa watoto wanne, alipimwa, akaonekana anafaa, akakubali kumpa figo yake moja. Parokia zenu zilichangia nauli, vipimo, na malazi ya ndugu waliokwenda kuwauguza wote wawili. Zamani safari ya namna hiyo ilikuwa ya kwenda India, na wengi wetu tungeishia kuisikia tu. Lakini mwezi Novemba mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo kwa kushirikiana na wataalamu kutoka India, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Japani. Upasuaji wa kijana wetu ulikwenda vizuri. Katika taarifa yetu kwa wafadhili tuliandika kwa furaha neno moja: "Amepona."

Neno hilo ndilo lililotuponza.

Aliporudi nyumbani ilikuwa mwezi wa tatu tangu apasuliwe. Sisi tukapanga ibada ya shukrani na chakula. Yeye alisita. Alisema kliniki wamemwambia akae mbali na mikusanyiko kwa miezi ya mwanzo. Tukamjibu kwamba ni saa mbili tu, na kwamba waliochanga wanataka kumwona. Angekataaje? Ni watu hao hao walioukoa uhai wake. Akaja. Alisimama mlangoni mwa kanisa, na watu zaidi ya mia mbili wakapita mmoja mmoja, wakimshika mkono, wakimkumbatia, wakimtilia sadaka mfukoni. Msimu ule watoto wa kwaya walikuwa na vikohozi. Picha tuliipiga, nayo ni nzuri, hatujaitoa tena.

Siku ya nne akaanza kutoka kamasi. Hakuwa na homa, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka, hata yeye mwenyewe. Siku ya sita kikohozi. Mjomba wake akaenda dukani akamletea eritromaisini na vidonge vya diklofenaki, kama ambavyo sote tungefanya. Siku ya tisa alikuwa hawezi kupanda ngazi tatu za nyumba yake bila kuhema. Alipofikishwa hospitali ikaonekana ni virusi vya homa ya mafua, na kwamba nimonia imeshika mapafu yote mawili. Figo nayo ilikuwa imetikisika. Alilazwa wiki tatu, siku kadhaa akiwa kwenye oksijeni.

Dada yake alikuja ofisini kwetu siku ya pili ya kulazwa huko. Hakugomba. Aliuliza tu, "Figo yangu bado inafanya kazi?" Hatukuwa na jibu.

Baadaye tulikwenda kwa wauguzi na madaktari, tukaomba tufundishwe kama watoto wa darasa la kwanza. Tuliyofundishwa ndiyo tunayowaletea.

Fikirieni sungusungu wa kijiji. Kazi yao usiku ni kumkamata yeyote wasiyemjua. Kinga ya mwili ni sungusungu wa namna hiyo. Figo ya dada, hata iwe imetolewa kwa upendo wote, kwa sungusungu hao ni mgeni, nao watamshambulia mpaka wamuue. Kwa hiyo daktari anatoa dawa za kuwapunguzia nguvu: takrolimasi, maikofenoleti, prednisoloni, na nyingine za jamii hiyo. Dawa hizo hunywewa kila siku, kwa saa zile zile, kwa maisha yote ya figo hiyo. Akiziacha, figo itakataliwa. Akizinywa, sungusungu wanabaki wachache na wazito, na mwizi naye anapata njia. Miezi mitatu hadi sita ya mwanzo dawa huwa nyingi zaidi, na hatari nayo huwa kubwa zaidi. Sisi tulimwita kanisani katikati ya miezi hiyo.

Wezi wenyewe ni wale wale tunaoishi nao. Kuna virusi vya homa ya mafua, vya UVIKO-19, kile kinachowabana watoto wachanga kifua, ambacho wataalamu hukiita RSV, na vingine vingi vya mafua ya kawaida. Kwako na kwangu mafua ni siku tano za leso na chai ya tangawizi. Kwa aliyepandikizwa, virusi hivyo vinaweza kushuka kutoka puani hadi mapafuni, na baada yake bakteria au fangasi wakaingia kama watu wanaoingia nyumba ambayo mlango wake umeshavunjwa. Vinaweza pia kukaa mwilini mwake wiki nyingi, wakati sisi tumeshasahau kwamba tuliugua. Na wakati mwingine ugonjwa huo huenda pamoja na mwili kuanza kuikataa figo. Kwa waliopandikizwa mapafu hali ni nzito zaidi, maana ugonjwa unakipiga kiungo kile kile walichopewa.

Kuna jambo moja lililotushangaza kuliko mengine yote. Homa si virusi. Homa ni filimbi ya sungusungu. Wakiwa wamelegezwa kwa dawa, filimbi inaweza isilie kabisa, au ikalia kwa mbali. Ndiyo maana kijana wetu hakuchemka mwili, na ndiyo maana sisi tulistarehe. Kwa mtu wa namna hii msisubiri homa. Kamasi, kikohozi, uchovu usio wa kawaida au kuhema ni sababu ya kupiga simu kliniki siku hiyo hiyo.

Tunasema siku hiyo hiyo kwa sababu siku zina thamani yake. Wakati wa mlipuko wa homa ya mafua ya H1N1 mwaka 2009, madaktari wa nchi kadhaa walikusanya habari za watu 237 waliopandikizwa viungo wakaugua homa hiyo. Kumi kati yao walifariki. Waliopewa dawa ya kupambana na virusi katika saa 48 za kwanza, asilimia 8 walihitaji chumba cha wagonjwa mahututi. Waliocheleweshewa, asilimia 22. Dawa ni ile ile. Tofauti ni siku. Madaktari husema pia kwamba kwa mgonjwa wa aina hii dawa hiyo hupewa hata kama saa 48 zimepita, kwa hiyo asiwepo mtu wa kusema, "Tumeshachelewa, tukae tu."

Hatari hii si mpya, wala haikuanzia kwetu. Wazee waliopo watakumbuka habari zilizotangazwa redioni mwezi Desemba mwaka 1967, pale Dokta Christiaan Barnard wa Cape Town alipompandikiza Louis Washkansky moyo wa mtu mwingine. Dunia nzima ilizungumza juu ya moyo. Washkansky aliishi siku 18. Moyo ule mpya ulikuwa bado unapiga vizuri. Kilichomwua ni nimonia, akiwa amepunguzwa kinga kwa dawa ili asiukatae moyo huo. Tangu wakati huo dawa zimekuwa bora na madaktari wanajua zaidi kupima kiasi chake, lakini mizani ni ile ile.

Sasa tuje kwenye duka la dawa, maana hapo ndipo wema wa ndugu unapoweza kumdhuru mgonjwa. Eritromaisini, na ndugu yake klarithromaisini, huzuia mwili usiiondoe takrolimasi kama kawaida. Dawa hiyo inapanda katika damu hadi kuiumiza figo yenyewe. Dawa za kifua kikuu zenye rifampisini hufanya kinyume: huiondoa takrolimasi haraka, na figo ikabaki bila ulinzi. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni vinaikaba figo. Hata tunda la balungi hupandisha dawa hiyo. Na tangu UVIKO-19, kuna vidonge vya kutibu ugonjwa huo vyenye ritonaviri ambavyo vinaweza kuipandisha takrolimasi hadi kiwango cha sumu, ikiwa daktari hakurekebisha vipimo mapema. Si kwamba dawa hizi ni mbaya. Kifua kikuu lazima kitibiwe, na madaktari wana njia zao. Ila dawa yoyote, ya dukani au ya mitishamba, isiingie kinywani mwa mtu huyu kabla kliniki yake haijaulizwa. Mjomba alitumia fedha yake na upendo wake. Tungemwambia mapema, angezitumia kumpakia mgonjwa kwenye gari.

Habari ya chanjo tutaipitia kwa kifupi. Chanjo ya homa ya mafua hutolewa upya kila mwaka, kwa sababu virusi vyake hubadilika. Ile ya sindano, ambayo haina virusi hai, inafaa kwa waliopandikizwa kwa wakati utakaotajwa na kliniki, na inafaa vilevile kwa watu wa nyumba yake. Haipatikani katika kila zahanati, na huku kwetu kwenye joto homa ya mafua haingoji baridi kama Ulaya. Inaweza kuja mwezi wowote. Chanjo zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama za surua na homa ya manjano, kwa kawaida hapewi tena baada ya kupandikizwa, ndiyo maana hospitali hujitahidi kuzimaliza kabla. Watoto wa nyumbani kwake wapate chanjo zao, ila muuguzi aambiwe ni nani anaishi humo.

Na chanjo zenyewe kwake hazifanyi kazi kama kwetu. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2021 uliangalia watu 658 waliopandikizwa viungo, baada ya dozi mbili za chanjo ya UVIKO-19. Asilimia 46 hawakuonyesha kingamwili zozote katika damu. Ndiyo sababu mwaka huo huo huko Marekani waliruhusiwa dozi ya tatu. Mnaona basi mtu huyu anategemea nini: anategemea kwamba sisi tunaomzunguka hatutamletea ugonjwa. Ulinzi wake mkubwa uko katika pua zetu na mikono yetu.

Wanakamati, hapa ndipo tunapowahitaji.

Kijana wetu alipotoka hospitali safari ya pili alirudi na barakoa. Jumapili ya kwanza watu wakanong'ona. Wa kwanza akasema ana kifua kikuu. Wa pili akasema ni ule ugonjwa mwingine, mnajua wenyewe usemi huo. Wa tatu, na huyu alikuwa mchangiaji wetu mkubwa, akasema amekuwa na majivuno, hataki hata kushika mikono ya waliomsaidia. Akaacha kuja kanisani. Kwa wiki tano hakuna aliyekwenda kumwona, si kwa chuki, ila kila mtu alikuwa na yake moyoni. Tulimwua kwanza kwa kumkumbatia, kisha tukamwua kwa kumkwepa. Mtusamehe kwa lugha hiyo. Yu hai, na yumo katika kamati ndogo iliyotusaidia kuandika maneno haya. Sentensi hii aliisoma, akacheka, akasema iachwe.

Hivyo tuliomba ruhusa yake, na Baba Paroko akaeleza kanisani kwa dakika tatu kwamba barakoa ile haimlindi mwingine dhidi yake. Inamlinda yeye dhidi yetu. Minong'ono ilipungua kuliko tulivyotarajia. Watu wetu si wabaya, walikuwa hawajaambiwa.

Yako mambo madogo ambayo parokia yake inayafanya sasa. Amani ya Kristo kwa wote wanaokaa upande ule hutolewa kwa kuweka mkono kifuani. Madirisha ya upande huo hufunguliwa hata kukiwa na vumbi, na bibi mmoja amelalamikia vumbi hilo, naye ana haki. Ndoo za maji na sabuni tulizoziweka milangoni mwaka 2020, na ambazo parokia nyingi zimezigeuza kuwa ndoo za kudekia, zimerudishwa mahali pake. Jumuiya ikienda kusali kwake, wanaoingia ndani ni watatu wasio na kikohozi, wengine husali uani, chini ya mwembe. Mwenye mafua hatumi mwili wake, anatuma ndizi. Na komunyo hupelekewa nyumbani katika majuma ambayo kikohozi kimeenea shuleni. Walimu wawili wa shule ya msingi ndio wanaotupa taarifa hiyo, na tumegundua kwamba wanajua mapema kuliko zahanati.

Mjumbe mmoja alituuliza katika kikao cha maandalizi kama ni haki parokia nzima kujipanga kwa ajili ya mtu mmoja. Ni swali la haki, na hatukulijibu kwa maandiko. Tulimwonyesha daftari la wagonjwa wa parokia yake. Humo mna wanaochujwa damu, wanaotibiwa saratani, wazee wa zaidi ya miaka themanini, na watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Wote hao mafua yanaweza kuwafikisha pabaya. Hata hivyo tunasema wazi kwamba angekuwa peke yake, tungeomba vilevile.

Kwa wafadhili tuna neno la fedha, nalo si tamu. Mchango wetu wa mwanzo ulikwisha siku ya upasuaji. Ulikuwa mchango mzuri, wenye lengo linaloonekana na picha ya kumalizia. Lakini figo iliyopandikizwa ina safari za kliniki, vipimo vya damu vya kujua kiwango cha dawa, na usiku wa ghafla wa kukodi gari kwa sababu ya kikohozi. Bima ikikatika, au mgonjwa akikosa nauli ya kufuata dawa zake, hatasema. Ataanza kuruka siku moja, kisha mbili, akibana matumizi kwa aibu ya kuomba tena kwa watu waliokwisha kumpa kila kitu. Gari la usiku ule wa nimonia lililipwa na dada yake, kwa kuuza mbuzi. Alishatoa figo, akatoa na mbuzi, na sisi tulikuwa bado na taarifa yenye neno "Amepona" ukutani.

Tunaomba basi kwamba kila mchango wa matibabu makubwa utakaopitia kwetu ugawanywe, na sehemu ya tatu yake isiguswe mpaka mgonjwa arudi nyumbani. Sehemu hiyo ni ya nauli ya kliniki, vipimo, simu, barakoa, na gari la dharura. Mfadhili anayetaka picha hatakuwa na picha ya fedha hiyo. Atapata karatasi ya mahesabu kila robo mwaka, pamoja na tarehe za kliniki zilizohudhuriwa.

Kuhusu swali la dada yake: kipimo cha kretinini kilishuka taratibu katika miezi miwili, ingawa hakijarudi pale kilipokuwa kabla ya sherehe yetu. Figo inafanya kazi. Tulikwenda kumwambia shambani kwake sisi wenyewe, na tulimwomba radhi. Alitupa maji ya kunywa, akaendelea kupalilia.

Makatibu mtapewa fomu mbili mlangoni. Ya kwanza ni ya kuorodhesha waumini ambao kinga yao imepungua kwa ugonjwa au kwa dawa. Hakuna nafasi ya kuandika jina la ugonjwa, na orodha hiyo haisomwi matangazoni. Inakaa kwa katibu wa afya na Baba Paroko. Ya pili ni ya namba tatu za simu: ya kliniki ya mgonjwa, ya mtu mwenye gari, na ya jirani asiyezima simu usiku. Zirudishwe kabla ya kikao kijacho. Mwenye kikohozi leo asione aibu kuchukua zake baada ya wenzake kutoka.